Kijana wa Kufa: kisa cha kibodi nyembamba isiyo na waya

Barua yenyewe ilikuwa na mistari 12 tu. Mwenye gereji mmoja alitaka kumdhamini kijana wake anayeomba kazi kwingine, akaenda kuichapisha kwa shangazi yangu, mwenye duka la steshenari kule Temeke. Akaipokea, akaipiga muhuri, akaondoka. Kesho yake asubuhi akairudisha imekunjwa mara nne, kidole kikiwa juu ya mstari wa saba: "Nimefanya naye kazi miaka mitatu na ni kijana wa kufa katika shughuli za ufundi."

Ilitakiwa iwe *wa kufaa*. Imepotea A moja tu, na kijana wa watu amezikwa.

Kikagua tahajia kisingeweza kusaidia, maana *kufa* ni neno halali kabisa. Shangazi naye hakuliona alipopitia, kwa kuwa jicho la mchapaji husoma alichokusudia, halisomi kilichoandikwa. Akaichapa upya bure, akaomba radhi, halafu akanipigia.

"Baba, njoo uiangalie hii kibodi yako."

Aliiita yangu kwa sababu mimi ndiye niliyemshauri ainunue. Natengeneza kompyuta, na ndani ya ukoo huwa ndiye ninayelaumiwa hata umeme ukikatika. Wiki tatu kabla, kibodi yake ya zamani yenye waya ilikuwa imemwagikiwa chai ya maziwa, ikaanza kuandika herufi tatu kwa mguso mmoja. Tukaenda Kariakoo. Akaiona nyembamba, nyeupe, isiyo na waya, ikiuzwa shilingi 35,000, akaipenda. Nami nikasema inafaa. Jina la kampuni iliyoiunda nitaliacha, kwa sababu zile zenye majina mengine zilizokuwa kwenye rafu ileile zinafanana nayo kama mayai ya kuku mmoja.

Kwanza niielezee. Ukingo wa mbele una unene usiofika milimita 7. Nyuma inainuka kidogo mahali panapokaa betri mbili za AAA, zile za rimoti. Pembeni ya betri kuna kitundu kinachohifadhi kidude cha kuchomeka kwenye USB, kipokezi chake, kidogo kama punje ya muhindi. Pedi ya namba ya upande wa kulia haipo. Nilipopima kwa rula kutoka ukingo wa kushoto wa Q hadi ukingo wa kulia wa P nilipata sentimita 19 kasoro kidogo, yaani vitufe vya herufi vimepangwa kwa nafasi ileile ya kibodi kubwa, takriban milimita 19 kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kinachofuata. Hilo ni jema, na wengi hawaliangalii dukani. Kuna kibodi nyembamba zilizobana hata herufi, na kwa mtu aliyefundishwa kuchapa bila kuangalia ni sawa na kumpa viatu vya mtoto.

Nikabandua kitufe kimoja cha pembeni. Chini yake mlikuwa na vijipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, katikati yake kikombe cha mpira. Ukibonyeza, mkasi unakunjika, mpira unabonyea, utando wa chini unagusana na ishara inakwenda. Kwa makadirio yangu, safari ya kitufe kutoka juu hadi chini ni milimita 2. Kibodi za kawaida za mezani huenda karibu 4. Mkasi ukiwa mzima, kitufe hushuka sawasawa hata ukikigonga pembeni. Ukivunjika ndoana moja, umekwisha, maana vipuri vyake sijaviona Kariakoo wala kwingine. Apple wenyewe walijaribu kuukwepa mkasi mwaka 2015 kwa kuweka kwenye MacBook utaratibu mwembamba zaidi waliouita wa kipepeo. Vumbi kidogo likawa linatosha kuukwamisha. Mwaka 2018 wakafungua mpango wa kuzitengeneza bure, na 2019 mkasi ukaanza kurudi. Kwa hiyo kwenye wembamba kuna mpaka, na mpaka wenyewe ni vumbi. Dar es Salaam vumbi tunalo.

Nilifika dukani jioni ya Jumanne, shangazi akiwa anafunga. Nikaanza na betri. Betri zikichoka redio hudhoofika, na herufi hupotea hivyohivyo. Zilizokuwamo alizipata kwenye kibanda cha jirani, zile za bei ya chini zinazovuja zikisahauliwa. Nikaweka mpya za alkalini. Kisha nikatunga sentensi ya majaribio, kwa sababu kumwambia mtu "jaribu kuandika chochote" hakupimi kitu:

"Baada ya saa nane mtu wa mtaani akakataa kukaa, akidai kiti hakimfai, akaagiza vifaa vya kufaa."

Haina maana kubwa, lakini ina A mbili zilizofuatana mara nane. Humo ndimo Kiswahili kinamopimia kibodi. Chukua methali yoyote uihesabu. *Mtaka cha mvunguni sharti ainame* ina herufi 28, na sita kati ya hizo ni A. Karibu kila mguso wa tano unaangukia kitufe kimoja, tena kile kilichopewa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, mnyonge kuliko vyote. Mpangilio huu wa vitufe, uitwao QWERTY, ulitoka Milwaukee, Marekani, ukaingia sokoni na mashine ya Sholes na Glidden mwaka 1874. Aliyeupanga hakuwa na Kiswahili kichwani. Juu ya hapo, A yetu ikirudiwa hubadili maana: *kukata* na *kukataa*, *kufa* na *kufaa*, *kuka* isiyo neno na *kukaa*. Mguso wa pili ukipotea mara nyingi huachi kosa linaloonekana. Unaacha neno jingine.

Nikaichapa sentensi ile mara kumi. Jozi za A themanini, zote zipo. Nikamwambia shangazi kwa kujiamini kuwa zilikuwa betri tu. Akanilipa kwa chapati mbili na maharage.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ikaita tena. Safari hii ulikuwa mkataba wa kupanga chumba, kifungu cha sita. "Endapo mmoja wa wahusika atakataa mkataba huu" ilikuwa imetoka "atakata mkataba huu". Bahati shangazi alikuwa ameshakuwa mwoga, anasoma kila karatasi kwa sauti kabla ya kuikabidhi, akalidaka. Wateja wakawa wanamsikiliza wakidhani ni huduma mpya.

"Ulisema betri," akaniambia nilipofika. "Chapati zangu zirudi."

Nikakaa mchana kutwa. Kwanza nikashuku ruta ya Wi-Fi iliyokuwa juu ya kabati, nusu mita kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Wi-Fi, Bluetooth na vidude hivi vya kibodi vyote hupiga soga kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, hata mikroweve hupitia humo. Nikaizima kabisa kwa nusu saa. Herufi ziliendelea kudondoka.

Kisha nikashuku mkono. Shangazi alisoma uhazili Tabora, enzi za taipuraita ya chuma, na bado anapiga vitufe kama anayetwanga. Labda anabonyeza A ya pili kabla ya ile ya kwanza kupanda. Nikamwomba binti anayemsaidia, mwenye vidole vyepesi vilivyokulia kwenye simu, aichape sentensi yangu mara kumi. Akakosa jozi saba. Shangazi alikosa tisa. Mkono haukuwa mkosaji. Mara moja, mbele ya macho yangu, likatokea la kinyume: binti alibonyeza A na kuinua kidole, kompyuta ikaendelea kuandika *baaaaaaaa* kama mbuzi. Hapo habari ya "kidole kimeinuka" ndiyo iliyopotea hewani, kompyuta ikaamini bado amebonyeza.

Nikatoa kidude, nikakichomeka kwenye laptopu yangu, juu ya meza ileile, saa ileile. Jozi 80, safi. Kumbe kibodi ni nzima na hewa ya duka haina tatizo. Ubaya uko palepale kidude kilipochomekwa.

Nikapiga magoti mbele ya lile sanduku ambalo wote tunaliita CPU ingawa CPU ni kijiwe kilichomo ndani. Mbele lina matundu mawili ya USB, yote ya buluu, yamekaribiana kiasi kwamba flashi nene mbili haziingii pamoja. Katika tundu moja kilikuwa kidude cha kibodi. Katika la pili ilikuwa imechomekwa diski ya nje ya shangazi, anamoweka kazi zote za wateja tangu afungue duka.

Nikaichomoa. Herufi zikakaa sawa. Nikaichomeka tena, nikaanza kunakili folda kubwa ya picha za pasipoti huku nikichapa. *Kukata. Kufa. Mtani.*

Jumanne jioni diski ile ilikuwa wapi? Ndani ya mkoba. Shangazi huichomoa kila jioni na kwenda nayo nyumbani, wezi wasije wakabeba kompyuta pamoja na kazi za watu. Nilikuwa nimepima duka lililofungwa.

Jambo hili lina maelezo yake, tena ya zamani. Mwaka 2012 Intel walitoa waraka ulioonyesha kuwa USB 3.0, ile yenye tundu la buluu kwa kawaida, ikiwa kazini hutoa kelele ya redio inayoenea hadi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na kwamba kelele hiyo hupunguza uwezo wa vipokezi visivyo na waya vilivyo karibu. Inatoka kwenye kifaa chenyewe, kwenye waya wake na kwenye tundu. Kidude cha kibodi kikikaa sentimita 2 kutoka hapo ni kama kumnong'oneza mtu aliyesimama kando ya mashine ya kusaga. Kibodi inasema, kidude hakisikii. Dawa yake pia inajulikana: ondoa kidude pale.

Nikakihamishia nyuma ya sanduku, kwenye tundu jeusi la USB 2.0. Ikawa nafuu lakini haikupona. Katikati sasa kulikuwa na bati la sanduku, mguu wa chuma wa meza na magoti ya shangazi. Nikatuma mtu aniletee waya wa kurefusha USB wa mita 1, wa shilingi 5,000, nikaupitisha nyuma ya meza, nikakibandika kidude kwa selotepu chini ya ukingo wa kioo, sentimita 30 kutoka kwenye kibodi. Diski ikawa inanakili, ruta inawaka, binti anachapa. Jozi 80 kamili. Nikarudia mara tatu, kwa sababu nilishaaibika mara moja.

Ningeishia hapo ningeandika kwamba kibodi ni nzuri, ila muuzaji angetia waya wa kurefusha ndani ya boksi. Lakini shangazi hakuonekana na furaha, nami nikaona nikae siku mbili zaidi nione anachokifanya nayo.

Kazi ya steshenari si kuandika hadithi. Asubuhi ile alijaza fomu 14 za kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama. Kila mwanachama ana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, namba ya simu, tarakimu 10, na baadhi wana TIN, namba ya mlipakodi, tarakimu 9. Kwenye kibodi yake ya zamani shangazi alikuwa anaweka mkono wa kulia kwenye pedi ya namba, macho kwenye kitambulisho, na tarakimu 20 zinaingia bila yeye kutazama chini. Kwenye hii, namba ziko mstari wa juu tu. Nilimwona akiinua kichwa na kukishusha, kitambulisho, kibodi, kioo, kitambulisho, anapoteza mahali alipofikia kwenye zile tano za katikati, anaanza upya. Fomu iliyokuwa ikichukua dakika mbili ikawa inakula nne. Hakuwa amelalamikia hilo hata siku moja. Alidhani ni uzee.

Kuna na alama yetu ya bei. Sisi huandika 50,000/= na mkwaju ule na sawasawa ile huandikwa mara mia kwa siku kwenye risiti na nukuu za bei. Mkwaju unapatikana pia kwenye pedi ya namba, karibu na kidole. Hapa imembidi auwinde kona ya chini kulia, halafu apande hadi juu kulia kwa sawasawa.

Kubwa kuliko yote nililiona kwenye Shift ya kulia. Ili kibodi iwe fupi, mtengenezaji ameikata Shift hiyo, akachomeka kishale cha juu pale ambapo kidole kidogo kimezoea kuikuta. Aliyefunzwa uhazili huandika herufi kubwa za mkono wa kushoto kwa Shift ya kulia. Na barua zetu zimejaa hizo: S ya S.L.P., D na S ya Dar es Salaam, B ya Bwana. Kila shangazi alipotaka S kubwa aligusa kishale, mshale wa kioo ukaruka mstari mmoja juu, na *s* ndogo ikaandikwa katikati ya anwani ya mtumaji. Nikaangalia karatasi zilizotupwa kwenye ndoo. Tano kati ya nane zilikuwa na *s* au *d* iliyopotea njia kwenye mstari usio wake. Hizo hazikuhusiana na redio kabisa, ila kwa wiki tatu zilihesabiwa kwenye kesi moja na kijana wa kufa.

Binti yeye hakuwahi kuligusa tatizo hilo. Herufi kubwa huziandika kwa Caps Lock, anaiwasha, anaandika moja, anaizima. Mwalimu wa uhazili angelia, lakini Shift fupi haimdhuru. Aliipenda kibodi nyembamba tangu siku ya kwanza. Haipigi kelele, anaweza kuandika huku mteja anaongea na simu, na vitufe vinashuka kwa kugusa tu. Nilipomuuliza vidole vinaumwa, alinishangaa. Nilipomuuliza shangazi, akanionyesha ncha za vidole.

Mtu aliyezoea kitufe kirefu hukisukuma kwa nguvu ya kukifikisha mbali. Kwenye kitufe cha milimita 2 nguvu hiyo haina pa kwenda, inagota kwenye bamba la chini na kurudi kidoleni. Maelfu ya mara kwa siku, vidole lazima viseme. Vijana waliokulia kwenye laptopu hawaufahamu mkono huo. Mtu akikuambia kibodi nyembamba ni laini, au ni ngumu, muulize kwanza alijifunzia wapi kuchapa.

Upande wa kifundo cha mkono, hata hivyo, nyembamba ilishinda. Meza ya duka ni ya juu, ilitengenezwa na fundi kwa ajili ya kusimama, na shangazi anakaa kwenye kiti cha plastiki. Kibodi nene yenye miguu iliyosimamishwa nyuma ilikuwa ikimkunja kifundo kwenda juu siku nzima. Hii inalala bapa, mikono inakaa karibu kunyooka. Alikiri kwamba maumivu ya kifundo cha kulia yalipungua tangu abadilishe. Watu hufikiri ile miguu ya nyuma ni kwa ajili ya afya. Wengi tungekaa vizuri zaidi tukiikunja.

Apostrofi nayo niitaje kwa haraka. Iko mahali pake, kushoto kwa Enter, ila imefanywa nyembamba nusu ya kitufe. *Ng'ombe* na *ng'ang'ania* zinaandikika, lakini kwa mwendo wa kasi kila mara ya tatu Enter inagongwa na *ng* inabaki mwisho wa mstari peke yake.

Jambo lililonikalia moyoni zaidi shangazi hakuliuliza. Boksi la kibodi lilisema "isiyo na waya, gigahezi 2.4, mita 10". Halikusema neno lolote kuhusu kusimba mawasiliano, yaani kuyafumba ili mtu mwingine akiyanasa asiweze kuyasoma. Mwaka 2016 watafiti wa usalama wa kampuni ya Bastille walionyesha kasoro waliyoipa jina la KeySniffer: kibodi za bei nafuu za watengenezaji wanane zilikuwa zikirusha kila kitufe hewani bila kusimba, na mtu mwenye vifaa vya bei ndogo angeweza kuvisoma akiwa hadi mita 75. Za Bluetooth hazikuguswa na kasoro hiyo. Kwa mtu anayeandika insha nyumbani kwake huenda hilo lisimnyime usingizi. Duka la steshenari lina namba za NIDA, mishahara, mikataba, na nywila ya barua pepe ya kila mzee anayeomba "mwanangu nifungulie hapo". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayeshika taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Kibodi isiyosema kama inasimba, mimi siiweki kwenye meza inayopitiwa na taarifa za watu wengine. Hapa sikutaka mjadala, na shangazi hakuleta.

"Kwa hiyo mtu akikaa pale kwa muuza mihogo anaweza kusoma ninachochapa?"

"Kama haisimbi, na kama ana kifaa, na kama anajua. Ndiyo, shangazi."

Alitazama upande wa muuza mihogo kwa muda mrefu kuliko alivyostahili.

Mambo mengine ambayo watu huuliza kuhusu kibodi hizi yalikuwa mepesi. Ukitaka kuingia kwenye mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijapanda, ya kidude inakubali kwa kuwa mashine inaiona kama kibodi ya USB ya kawaida, wakati za Bluetooth mara nyingi hukataa. Betri: hakuna aliyenisumbua, kibodi inakula umeme kidogo sana na inajilaza yenyewe ikiachwa. Mguso wa kwanza baada ya kulala hupotea wakati mwingine, uzoee kugonga Shift kwanza kuiamsha. Rangi nyeupe pamoja na mafuta ya chipsi ni hesabu ya wazi, usiingie nayo kwenye duka la chakula.

Tulichoamua ni hiki. Jumamosi nilirudi Kariakoo na shilingi 15,000 za shangazi, nikanunua kibodi nyeusi yenye waya, kubwa, mbaya wa sura, yenye pedi ya namba na Shift ndefu pande zote. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji aitoe kwenye boksi, nikaandika S.L.P. mara kumi kwa mikono miwili na namba yangu ya NIDA mara tatu kwa mkono mmoja. Aliniangalia kama mwendawazimu, ila mteja wa nyuma yangu naye akaomba kujaribu. Miguu ya nyuma niliikunja, na juu ya kiti cha shangazi tukaweka mto, ili mikono ishuke ilingane na meza.

Ile nyembamba akapewa binti, aitumie na laptopu yake anapoandika kazi zake za chuo nyumbani. Nilimwonyesha kitu kimoja tu: kidude upande wa kushoto, flashi upande wa kulia, visikae jirani. Alinijibu "sawa kaka" kwa sauti ya mtu aliyeelewa kabla sijamaliza.

Barua ya yule mwenye gereji bado iko kwenye diski ya shangazi. Aliihifadhi zote mbili, ile ya kwanza na ile iliyosahihishwa, na faili la kwanza amelipa jina la *marehemu*. Kijana mwenyewe alipita dukani wiki iliyofuata kutoa kopi ya cheti, mzima wa afya, akalipa 200/= na kuondoka. Waya wa kurefusha wa mita 1 haukurudi kwangu. Nilipouulizia niliambiwa sasa unachajia simu za wateja.